Hiace ya kulala na kufanyia kazi barabara za msituni, Mufindi hadi Makete: nichukue ipi, niitengeneze vipi?

Mpima Miti (mwenye uzi)

Kamwene wakuu.

Kazi yangu ni kupima mashamba ya miti ya watu binafsi. Nahesabu mashina, napima unene na urefu, mwenye shamba anajua ana ujazo gani kabla dalali hajamwahi. Mashamba yenyewe yako kule ambako bodaboda akikushusha asubuhi anakuuliza jioni utarudi na nani. Nazunguka Mufindi, Kilolo na Njombe, mara mojamoja Makete. Gesti ziko Mafinga na Makambako, kazi iko ndani kilomita arobaini, na mvua ikinyesha nusu ya siku inaishia njiani.

Nataka gari la mtumba lenye bodi la kufunga. Niling'oe viti, niweke kitanda, jiko, meza ya kuandikia na umeme wa kuchajia kompyuta na vifaa. Sitafuti gari la kupigia picha. Bajeti ya kila kitu, gari na matengenezo, isivuke milioni 20.

Nilizonazo kichwani: Hiace ya dizeli ya zamani yenye 4WD (magurudumu yote manne yanavuta), Noah ya zamani yenye 4WD, Delica ile iliyonyanyuka, na Kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kwa sababu ya bei. Land Cruiser tuiache, hela hiyo sina.

Dereva wa Magogo

Kirikuu futa. Utalala umekunja miguu mpaka ustaafu.

Kijana wa Uyole

Mkuu kwa nini usilale gesti tu? Elfu kumi na tano chumba na maji ya moto juu. Milioni 20 ni usiku mwingi sana wa gesti.

Mpima Miti

Hesabu yako ni sahihi kwa mtu anayelala tu. Mimi naumia kwenye saa. Nikiamkia shambani naanza kupima umande ukikauka, na jioni naandika ripoti palepale nikiwa bado nakumbuka kila mstari wa miti. Halafu kuna vifaa. Kuvibeba kwenye bodaboda kila siku ni kuviua.

Fundi Bodi Mafinga

Karibu mkuu. Mimi ni fundi wa bodi hapa Mafinga, gari hizi naziona zikirudi kutoka msituni, kwa hiyo nitaongea kinachoonekana chini ya gari.

Wengi wanaanza na swali la 4WD. Mimi naanza na spea. Gari halitakufia Mbeya mjini, litakufia Mgololo au Ludewa. Injini ya Hiace ya 3L, lita 2.8 isiyo na tabo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa), na ndugu yake 5L ya lita 3.0, kila fundi wa kijijini anazijua maana alijifunzia humo humo kwenye daladala. Pampu ni ya kimakanika, hakuna kompyuta ya kubembeleza. Ubaya wake ni mlimani. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Ukifika mita 2,000, na huku kwetu unafika bila kujua, moja ya tano ya farasi wako wamebaki Chalinze. Utapanda kwa gia ya pili, malori yatakupigia honi, lakini utafika.

Hiace yenye injini ya 1KZ-TE, yenye tabo, inapanda vizuri mno. Ila ni injini isiyosamehe kuchemka, silinda hedi hupasuka. Ukiikuta, uliza habari za rejeta kabla ya kuuliza bei. Noah ya dizeli ya 3C-T tabia ni hiyohiyo. Noah ya petroli ya 3S ni salama zaidi na nyepesi, tatizo iko chini na nafasi ya ndani ni ya mtu mmoja asiye na mizigo. Wewe una mizigo.

Delica ile ya zamani yenye injini ya 4D56, katika hizo nne, ndiyo pekee iliyoundwa kwa ajili ya tope. Ina gia ya kupunguza mwendo ambayo Hiace nyingi hazina. Ungekuwa unaishi Dar karibu na maduka ya spea ningekwambia nunua leo. Huku, kitu kikikosekana Mbeya unaagiza Kariakoo kije na basi, na wewe unakaa kijijini unangoja basi.

Kwa kazi yako ningechukua Hiace. Sasa 4WD yake uijue. Nyingi za miaka ya 90 ni za kudumu: magurudumu yote yanavuta muda wote, katikati kuna kifaa chenye mafuta mazito kinachogawa nguvu. Kifaa hicho kikifa hugandisha mbele na nyuma pamoja. Namna ya kukipima haina gharama: tafuta lami kavu, zungusha usukani mpaka mwisho, tembeza gari polepole kwa duara. Likijivuta na kurukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, achana nalo. Na kwa sababu hiyohiyo tairi zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawasawa. Ukiweka mbili mpya mbele na mbili vipara nyuma, unakiua mwenyewe.

Dereva wa Magogo

Hapo kwenye tairi fundi kasema. Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa, 4WD yenye tairi za lami inateleza magurudumu manne badala ya mawili, basi. Mimi napita humo Novemba mpaka Aprili. Gari la kawaida lenye tairi za matope, minyororo na dereva mwenye subira linapita pengi kuliko 4WD ya mtu mwenye haraka.

Jambo jingine hamjalisema, mifereji ya magari ya magogo. Semi ikipita kwenye tope inaacha mitaro miwili yenye kina, na upana wa tairi zake haulingani na wako. Hiace ikiingia gurudumu moja mtaroni, tumbo linakaa juu ya tuta. Usipite katikati ya mitaro, panda kwenye kingo. Na ukiona semi inashuka imebeba, wewe ndiye unayerudi nyuma. Yeye hawezi kusimama.

Mpima Miti

Kunyanyua gari je? Nimeona Hiace zimepandishwa juu.

Fundi Bodi Mafinga

Nyuma unaongeza jani moja la springi. Mbele unakaza tosheni ba, ile fimbo ya chuma inayofanya kazi ya springi, kidogo. Kidogo, nimesema. Ukikaza sana, shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali na jointi zinalika mapema, halafu gari linakuwa gumu mpaka meno yanagongana. Heri upate sentimita tatu na bamba la chuma la kulinda sampo (bakuli la oili chini ya injini) kuliko sentimita nane za kujionyesha.

Mama Parachichi

Mwanangu, mimi ni mama wa Njombe, nanunua parachichi mashambani na msimu wa mavuno nalala kwenye gari langu. Wanaume mnazungumza tope tu. Kinachofukuza watu kwenye magari haya ni baridi na unyevu.

Julai huku kuna asubuhi unakuta majani yameganda barafu. Bodi la gari ni bati tupu. Mtu mmoja akilala usiku kucha anatoa kama glasi nzima ya maji kwa pumzi na jasho, na maji hayo yanakwenda kushika kwenye bati la baridi. Alfajiri dari linakudondokea usoni. Ukiacha hivyo, godoro linaota ukungu kwa chini na wewe unaanza kukohoa.

Kwa hiyo weka stairofomu ya inchi moja au mbili kati ya mbavu za bodi, ibane isiache upenyo nyuma yake, kisha funika na plaiwudi nyembamba. Usijaze magunia wala masalia ya pamba, yanakunywa maji na kutunza kutu mahali usipopaona. Chini ya godoro weka chaga zenye nafasi, si ubao mzima. Na dirisha lisifungwe lote hata kukiwa na baridi ya namna gani. Acha upenyo wa kidole mahali pawili, mmoja chini na mmoja juu, weka wavu wa mbu.

Sasa jiko. Hili naomba ulisome mara mbili. Kila baridi ikishika tunasikia habari za watu huku kwetu walioingiza jiko la mkaa chumbani wakalala, wasiamke. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, ndiyo maana unadanganya. Unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, inakamata damu mahali pa oksijeni na usingizi unazidi kuwa mtamu. Chumba cha tofali kina nyufa. Gari lako milango yote ina mipira ya kuziba. Hata makaa yaliyobaki majivu yasiingie. Injini nayo usiiache inaunguruma umelala. Blanketi mbili nzito, soksi, na chupa ya maji ya moto miguuni vinatosha mpaka Makete.

Mpima Miti

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili. Kupikia je, gesi ndani ya gari?

Mama Parachichi

Marahaba. Mtungi wa kilo 6, ufungwe mkanda usitembee, na mlango wazi ukiwa unapika. Mwambie fundi atoboe tundu sakafuni karibu na mtungi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini na kukungoja uwashe kiberiti. Tundu linaitoa nje. Na maharage chemshia mjini kabisa. Kwenye mita 2,000 maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, utamaliza mtungi maharage bado yanagonga sahani.

Kijana wa Uyole

Kumbe ndiyo maana maharage ya Kitulo hayaivi. Mimi nilikuwa namlaumu shangazi.

Umeme wa Jua

Upande wa umeme, watu wanapoteza hela kwa kutohesabu. Tuhesabu ya kwako. Kompyuta mpakato chaji moja wati-saa 60. Simu mbili 30. Taa ya LED wati 5 kwa saa tano, 25. Vifaa vya kupimia weka 15. Jumla 130 kwa siku.

Betri ya N100 ya volti 12 ina kama wati-saa 1,200, lakini betri za maji hizi ukizinyonya chini ya nusu kila siku zinakufa mapema. Una 600 za kutumia, yaani siku nne bila jua hata kidogo. Paneli ya wati 100 juu ya dari siku ya jua zuri inaingiza wati-saa 400 hivi. Tatizo ni ukungu wa Mufindi kuanzia Juni mpaka Agosti. Siku hizo hesabu robo yake, na ukiegesha chini ya misindano (mipaina) hesabu sifuri. Kwa hiyo usitegemee jua peke yake. Funga rilei inayounganisha betri ya pili na oltaneta injini ikiwaka, na inayoitenga ukizima, ili asubuhi gari liwake. Fyuzi iwe karibu na kila betri, siyo katikati ya waya. Waya ukikatika au kuchunika kabla ya fyuzi ndipo magari yanapoungua.

Inveta kubwa huhitaji. Kompyuta nyingi zina chaja ya volti 12, inveta inakula umeme hata ikiwa imekaa bure. Friji sahau. Inakula wati-saa 400 kwa siku, na wewe uko Njombe.

Mzee wa Misitu

Vijana, nimefanya kazi ya misitu mpaka nikastaafu. Nina mambo mawili.

Shamba la Miti Sao Hill liko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Barabara za ndani si mahali pa kuegesha na kulala upendavyo. Nenda ofisini, jieleze, upate kibali na uambiwe sehemu. Mashamba ya watu binafsi vilevile, ridhaa ya mwenye shamba haitoshi kama unapita kwa jirani yake. Kijijini anza kwa mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji kabla giza halijaingia. Gari lenye mapazia meusi limeegeshwa msituni usiku, hakuna anayelijua, huku kwetu litaitwa la mumiani kabla ya saa nne. Ukijitambulisha mchana, usiku watakuletea mahindi ya kuchoma.

Tena barabarani kuna vizuizi vya kukagua mazao ya misitu. Gari la bodi lililofungwa likitokea kwenye kizuizi saa mbili usiku, lazima watataka kujua kama ndani kuna mbao au mkaa. Usikasirike, fungua mlango waone kitanda.

La pili ni moto. Kiangazi, chini ya misindano kuna zulia la majani makavu yenye utomvu. Usiwashe moto wa kuota, usipikie nje chini ya miti, na usiegeshe juu ya nyasi ndefu kavu mara tu ukitoka safari. Bomba la ekzosi lenye joto linatosha kuwasha shamba ambalo mtu amelisubiri miaka kumi na tano. Egesha kwenye barabara ya kuzuia moto au palipolimwa, ila usiizibe njia. Siku ya moto gari la kwanza kupita hapo ni la maji.

Mpima Miti

Shikamoo mzee, asante sana. Nitaweka na kizima moto.

Wakuu, nimepata Hiace Mbeya. Ya 3L, 4WD, ilikuwa daladala, namba B (herufi za usajili zinaanzia B), pleti nyeupe. Bei inaingia kwenye bajeti na inabaki ya kutengeneza. Muuzaji anasema injini haijawahi kufunguliwa.

Dereva wa Magogo

Wauzaji wote injini zao hazijawahi kufunguliwa.

Fundi Bodi Mafinga

Daladala si lazima liwe baya. Limepigwa, lakini limetengenezwa kila wiki, maana lisipotembea halilipi. Ila fuata haya.

Nenda alfajiri bila kumwambia saa. Gusa injini, iwe ya baridi. Muuzaji anayepasha gari moto kabla hujafika anaficha kitu. Baridi ya Mbeya ndiyo mtihani wa dizeli: ikisumbua kuwaka, plagi za kupashia zimekufa, hilo ni dogo, au mgandamizo umeisha, hilo ni kubwa. Tazama moshi. Mweupe mwingi usiokoma, dizeli haiungui vizuri au maji yanaingia. Wa bluu, inakula oili. Mweusi ukikanyaga, nozeli. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Ikipumua kwa nguvu na kutema oili, pete zimechoka, mpe mkono wa kwaheri.

Baada ya hapo lala chini ya gari na tochi na bisibisi. Tazama mbavu za chini, matao ya magurudumu, reli ya mlango wa kusukuma. Gari lililokaa sehemu za theluji Japani limekula chumvi ya barabarani, na kutu hiyo haiponi kwa rangi. Palipopakwa rangi mpya nyeusi chini ndipo pa kugonga kwanza. Bisibisi ikizama, ondoka.

Karatasi: jina kwenye kadi lilingane na la anayekuuzia, angalia kwa namba ya gari kama kuna faini za barabarani hazijalipwa, mkataba usainiwe kwa mwanasheria. Na hiyo pleti nyeupe ni ya biashara. Ukienda TRA kubadili umiliki, badili na matumizi upate ya njano. Trafiki akikuta gari la abiria lenye kitanda ndani, mtaongea mpaka jioni.

Mpima Miti

Na ndani tupange vipi? Nilifikiria makabati mazuri ya mbao ngumu.

Fundi Bodi Mafinga

Mbao ngumu za nini? Plaiwudi moja ya milimita 18, futi 8 kwa 4, inakaribia kilo 30. Weka tano, umebeba watu wawili ambao hawashuki. Ongeza madumu matatu ya maji, kilo 60. Gari lenye 3L kwenye mlima wa Makete litakuuliza kwa nini. Tumia milimita 9 kwa kuta za kabati, 12 kwa kitanda. Fremu iwe ya msindano, mbao za inchi mbili kwa mbili, iliyokauka. Ukileta mbichi kutoka kiwandani, ndani ya miezi miwili milango haifungi. Mlingoti (mkaratusi) usiniletee, ni mzito na unajipinda. Mbao zilizotiwa dawa, zile za kijani, hazikai mahali unapolala, na vipande vyake usichome, vingine vina aseniki.

Halafu usitoboe sakafu hovyo. Chini yake kuna tenki na bomba za breki. Matundu ya bolti za viti yapo tayari, nitafunga kila kitu hapohapo kwa bolti. Ukitaka kuliuza, unafungua, unarudisha viti, gari ni gari tena. Viti vitunze. Kitanda kikae kwa urefu upande mmoja, godoro la futi mbili na nusu kwa sita, chini yake vifaa na betri. Upande wa pili meza na jiko. Katikati ubaki na njia ya kusimamisha ndoo.

Kijana wa Uyole

Ndoo ya nini?

Mama Parachichi

Mwanangu, unafikiri usiku saa nane na mvua ya Njombe mtu anakwenda wapi? Ndoo yenye mfuniko na gunia la maranda. Mafinga maranda yako kila mahali. Unanyunyiza juu, harufu hakuna, asubuhi unamwaga kwenye choo cha shimo cha mwenyeji wako. Si mtoni.

Mpima Miti

Nimelikagua jana alfajiri. Liliwaka mshindo wa pili, moshi mweupe kidogo ukaisha. Duara kwenye lami halikujivuta. Kutu ipo tao la nyuma kushoto, bisibisi ilizama sehemu ndogo kama sarafu, mbavu za chini nzima. Nimemshusha bei kwa hilo tao, kadi inabadilishwa wiki hii. Fundi, nakuletea Jumatatu. Tuanze na kutu kwanza?

Fundi Bodi Mafinga

Kutu kwanza, ndiyo. Nakata yote mpaka kwenye bati zima, nachomelea kipande, rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, ndipo stairofomu ipande. Lioshe chini kabla hujaja. Mimi sichomelei tope.